Baba Hakulala Ubavuni Mwako

Shikamoo mama,

Leo asubuhi nimefika makaburini kwetu Temeke, nikasimama penye njia, nikashindwa kukusogelea. Nimerudi nyumbani kuandika, maana kwenye karatasi naweza kukwambia bila kuutazama udongo wako. Baba amekufa, mama. Amekufa kabla ya masika, na hayupo hapo ulipo. Nilimchoma moto kwa mkono wangu mwenyewe.

Ukae nalo kidogo hilo, kisha nikueleze.

Ulipenda kunisimulia mlivyoanza. Yeye Mhindu mshonaji, cherehani yake barazani kwa watu, wewe binti wa Kizaramo umempelekea kanga akushonee upindo. Wiki ya pili ukampelekea kanga ileile, na ya tatu ukampelekea hiyohiyo, upindo umeufumua mwenyewe. Naye kila mara akaushona upya. Mjomba Shomari, kaka yako, alikataa katakata mpaka yule Mhindu atamke shahada mbele yake. Akatamka, akaitwa Abdallah, jina ambalo sikukusikia ukilitumia hata siku moja. Kwako alikuwa Baba Salumu. Ndugu zake wa Kariakoo nao wakaacha kunywa maji nyumbani kwake.

Nakumbuka mlivyoishi. Siku ya Idi baba alikwenda msikitini na kanzu aliyoishona mwenyewe, na ilimpendeza kuliko wengi waliozaliwa nayo. Lakini nyama ya ng'ombe haikumpita kooni, nawe hukuipika nyumbani kwako. Ukiitamani ulikwenda kwa mjomba, ukala ukashiba, ukasukutua kisimani kabla ya kurudi. Mimi nilikuwa nakufuata nyuma na mdomo wenye mafuta, unanikemea niufute. Baba alikuwa anajua. Alikuwa akituona tu tunaingia, anainamia cherehani yake anatabasamu.

Wakati wa vita kitambaa kilipoadimika, watu wa mtaani walizikwa na shuka kuukuu. Wewe ulikuwa umeanza kukohoa. Baba akaficha bafta nyeupe sandukuni, na siku ulipoikuta ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukamuuliza, "Baba Salumu, unanitafutia nguo ya safari na mie bado napika?" Yeye hakucheka. Ndiyo uliyozikwa nayo, na nadhani mtaa mzima hakukuwa na maiti aliyevikwa vizuri kama wewe mwaka ule.

Siku zako za mwisho ulimuuliza jambo moja tu, nami nilikuwa nimekushika miguu. Ulimuuliza kama atakuja kulala ubavuni mwako. Akasema atakuja, ataenda wapi pengine. Ulifumba macho ukiwa umeridhika. Baada ya mazishi alimwomba mjomba asiruhusu mtu kuzikwa upande wako wa kulia, na kila Ijumaa alikwenda kung'oa majani pale, kwako na pale patupu pake. Hayo yote niliyaona, mama, kwa hiyo sina la kujitetea kwamba sikujua.

Kisha akaugua yeye. Kiswahili kilianza kumtoka, kikarudi Kigujarati cha utotoni mwake, mpaka nikawa simwelewi baba yangu anapoomba maji. Jioni moja akili ikamtulia, akaniita kitandani, akasema Kiswahili kizuri kabisa.

"Salumu, mie nichome. Mama yako nilimwambia nitakuja kwa sababu alikuwa anakufa. Bila moto sifiki walipo wazee wangu."

Nikamuuliza, na mama je?

"Mama yako mie atanisamehe," akasema. "Wewe ndiye sijui."

Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilitaka kumwambia kwamba alikuwa na miaka yote hiyo ya kunena, na hakunena, akangoja mpaka mzigo uniangukie mimi. Lakini alikuwa amekonda, mkono wake umelala juu ya wangu hauna uzito wowote. Nikamjibu ndiyo.

Alipokata roho alfajiri, kabla sijafungua mdomo, mtaa ulikuwa umeshaamka. Mjomba Shomari alileta sanda. Vijana walikwenda kuchimba bila kuitwa, wanawake wakaanza kuosha mchele wa michango. Mazishi yale yasingenigharimu kitu, mama, ila kukaa tu na kupokea pole. Na huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, maana moto ulikuwa na bei na udongo ulikuwa wa bure. Nilikwenda Kariakoo kwa binamu yake mwenye duka la nafaka. Akaniambia kuhani atampata, lakini kuni na samli ni za mwana, na mwana ndiye anayewasha. Hakuna mwingine anayeweza kuushika ule mwenge. Nikauza cherehani ya baba palepale Kariakoo, nikalipa lori lilete kuni za Pugu. Nilipokuwa naiacha kwa mnunuzi, uzi wake mweupe ulikuwa bado uko kwenye sindano.

Niliporudi kuwaambia, mjomba hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Salumu, mie simkatazi Mhindu kufa Kihindu. Lakini huyu alitamka mbele yangu."

"Na mie kaniambia mie, mjomba."

Akakunja sanda yake akaiweka kwapani. Akanitajia jina lako, mama. Akaniuliza wewe nitakueleza nini. Jibu lake leo ndiyo kwanza nalitafuta.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Kwetu kaburi lililofunguliwa halifukiwi tupu, watu wanaogopa litaita mwingine wa nyumba ile. Kwa hiyo mjomba alikata mgomba uani kwake, wakaulaza mle, wakaufukia. Ndio ulio ubavuni mwako sasa. Uliahidiwa mume, nimekupa mgomba, na mgomba wenyewe pengine hivi leo umeshaoza. Kila nikijilaza nalifikiria hilo, nafikiria umegeuka upande wa kulia ukanyoosha mkono.

Kwenye moto tulikuwa watu wachache, binamu, kuhani, na wapagazi wa kuni. Kuhani alinionyesha pa kuwasha na maneno ya kusema. Maneno yakanishinda. Nilipoinamisha mwenge nilisema Bismillahi, kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha kuanza kila jambo, na sikuwa na neno jingine mdomoni. Kuni zilishika upesi. Sitakueleza zaidi ya hapo. Majivu tuliyamwaga majini, hakuna mahali naweza kukuonyesha nikasema baba yuko hapa.

Matanga hayakuwapo. Mchele wa michango kila mtu alichukua wake akarudi nao kwake. Mjomba bado anaitikia shikamoo yangu, ila hanitazami anapoitikia.

Juzi nilikwenda kwa mwalimu aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo. Nilimweleza yote nikalia, nikamwomba anifundishe toba. Hakunifukuza. Aliniambia mlango uko wazi, ila toba ina masharti yake: kuacha kosa, kulijutia, na kuazimia moyoni kwamba sitalirudia kamwe. La kwanza ni rahisi, baba hafi mara mbili. La pili ninalo, mama, sili wala silali kwa sababu yake.

La tatu ndilo nililokaa nalo tangu juzi, nikilizungusha moyoni huku na huku, nikitafuta namna ya kuazimia. Ndilo lililonisimamisha penye njia asubuhi hii nikashindwa kuja kwako. Maana ule mkono wake ukiwekwa tena leo juu ya wangu, nikaulizwa tena, nitawasha.

Nisamehe bila toba, kama akina mama wanaruhusiwa.

Mwanao uliyemtoa na mdomo wenye mafuta kwa mjomba,
Salumu