Jiko Lisilotoa Moshi

Mama Castory, usimwite fundi kwanza. Soma hii.

Lile jiko la udongo nililokusifia, linalokula kuni mbili tu, leo limetaka kuniulia mwanangu Jenista.

Mchana mvua imepiga, na baridi ya Kalinzi unaijua. Nikafunga mlango na madirisha yale ya vioo, nikamwacha anaota moto, nikatoka kukinga maji. Narudi, yuko chini amelegea. Namwita, haitiki. Haitiki, dada! Na moshi hakuna, zimebaki makaa tu. Hata macho hayakuniwasha.

Nikambeba mpaka uani kwenye mvua, napiga kelele. Goreth, yule Mrundi aliyenijengea jiko, akaja mbio, tukampepea. Akatapika, ndipo akalia.

Goreth angeweza kunisema. Na haki alikuwa nayo. Siku ile anajenga aliniuliza, "Mama, hewa itatokea wapi? Juu ya ukuta huu mpya mmeziba, na bomba hutaki." Nikamcheka mbele ya mafundi: "Wewe umezoea turubai la kambini. Hii ni nyumba, baridi haiingii."

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Kumbe hewa nayo haiingii.

Nyumba yako usiizibe juu, nakuomba. Na jiko liwekewe bomba la kutokea nje.

Sisi tuko zahanati. Jenista anaongea, ameomba ndizi. Goreth nimemwachia ufunguo na nyundo. Nimemwambia atoboe ule ukuta mpya popote anapoona panafaa.