Mistari Mitupu ya Shimo la Tatu

Jumatatu, Tegeta. Mawingu yametanda tangu asubuhi ila mvua haishuki. Nimerudi nyumbani, chakula sijakigusa.

Niandike tu ukweli, maana roho inanisuta.

Ofisini kwetu tunapima udongo kabla watu hawajajenga. Wachimbaji wanajaza fomu, fomu zinaingizwa kwenye ripoti, kisha Mzee Kondo anachora kila shimo kwenye kompyuta: hapa udongo wa mfinyanzi, hapa mchanga, maji yanaanzia hapa. Anaifanya kazi hiyo tangu mie sijaanza shule. Shimo moja, nusu siku. Mwezi uliopita nikaandika programu inayosoma jedwali la ripoti na kuchora yenyewe. Mashimo kumi, dakika nne. Jamani, kichwa kilivimba.

Ijumaa bosi akaniita, akaniuliza kama mzee bado anahitajika.

Nikasema hapana.

Sikufikiri hata kidogo. Na mzee ndiye aliyenifundisha kazi nilipoingia pale sijui hata kushika fomu.

Leo saa nne mzee akaja mezani kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniwekea mchoro wangu wa shimo la tatu la Goba, na fomu yake yenye madoa ya tope. Mchoro ulionyesha mchanga mgumu kuanzia mita ya pili. Fomu ilisema mfinyanzi laini mita ya kwanza, ikafuata mistari mitatu mitupu, ndipo mchanga, mita ya tano. Programu yangu ilikuta mistari mitupu ikairuka, ikaupandisha mchanga juu.

"Wachimbaji wetu mikono ina tope, neno hawalirudii," akasema. "Ukikuta patupu, ujue ni kama mstari wa juu yake."

Pale Goba, mteremkoni, kuna familia inajenga nyumba ya ghorofa. Msingi ungekaa juu ya mfinyanzi laini, na jina langu liko chini ya mchoro.

Nikamwambia twende kwa bosi akaeleze mwenyewe alichokiona. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa shati. Barua ya kuachishwa kazi, kapewa asubuhi hiyo hiyo. Kumbe alikaa akakagua michoro yangu huku anayo mfukoni.

"Mie nimeshapewa yangu. We rekebisha, watu watalala mle."

Sijui kama anajua nani alisema hapana. Sikuthubutu kumuuliza.

Nikarekebisha. Nikaiambia programu kwamba patupu ni kama juu, basi, haikuchukua hata robo saa. Nilipomaliza ndipo nikatambua nimeifuta hata ile sababu moja iliyobaki ya kumrudisha mzee kazini. Bosi akapita, akauona mchoro mpya, akanipa hongera.

Nikasema asante.

Asante! Naona haya hata kuliandika hilo neno. Mzee alikuwa meza ya pili, anakunja sweta lake.

Kesho, kabla sijawasha kompyuta, naingia kwa bosi. Nitamwambia kosa lilikuwa langu na aliyeliona ni Mzee Kondo. Namjua, ataniuliza: kipi kingine anachokijua mzee ambacho programu haikijui?

Nitamjibu sijui. Hata Ijumaa nilikuwa sijui, ila nilijibu.