Gari Linasimama Dakika Arobaini, Mume Wangu Anasema Foleni

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kwanza ndipo unicheke, maana mimi na mume wangu tunafanya kazi ofisi moja, yeye dereva, mimi msoma kumbukumbu za safari, na ofisi yetu inajaribu chombo cha kuongoza gari mahali ambapo setilaiti haishiki, sanduku ambalo ndani yake atomi hupozwa kwa mwanga wa leza mpaka zinakaribia kutulia tuli, kisha gari likikata kona au likifunga breki zile atomi zinaonyesha, nami naona njia yote imechorwa kwenye kompyuta yangu. Mume wangu anaamini setilaiti ikizimwa gari halionekani na mtu, hakuna aliyemweleza vinginevyo, nami mkewe nikanyamaza makusudi.

Wiki tatu sasa, kila Jumanne na Alhamisi, akishamshusha fundi wa hicho chombo mchana aende kula, gari linakwenda upande wa pili wa mji na kusimama dakika arobaini. Nikimuuliza, "Mbona umechelewa?" ananijibu, "Foleni, mama watoto," huku akipapasa meza kutafuta kikombe kilicho mbele yake, maana mawazo yake hayako nyumbani tena, hata breki siku hizi anafunga kwa kushtukia, naona kwenye mchoro, na juzi alinipita kwenye korido ya ofisini kama hanijui, mimi mkewe wa ndoa ya miaka kumi na tisa! Wifi yangu akasema, "Mwanamume akianza kunyamaza nyumbani, ujue kuna anakoongea."

Alhamisi iliyopita niliomba ruhusa, nikachukua teksi, nikajibanza nyuma ya kibanda cha vocha, nikamwona akishuka, akashika ukuta, akaingia. Jengo lenyewe chini ni kwa daktari wa macho, juu ni saluni ya wanawake, na mume wangu hajawahi kuvaa miwani, kwa hiyo niambie wewe alikuwa anapanda wapi. Sikumfuata, nilirudi kwenye teksi. Ripoti inakwenda kwa bosi Jumatatu. Je, nifute zile dakika arobaini kuficha aibu yangu, au niziache afukuzwe, au nimsubiri palepale nimfumanie na huyo msusi?

Mke Anayeona Kila Kona

JIBU

Mke Anayeona Kila Kona, pole sana, lakini kona moja imekupita. Wivu umekupandisha ghorofani wakati mumeo aliishia chini. Hebu soma tena barua yako mwenyewe: anapapasa kikombe kilicho mbele yake, anakupita koridoni, breki anashtukia, anashika ukuta mchana kweupe. Huyo ndiye mwanamume anayekwenda kwa mahaba? Mimi si daktari, na mumeo sijamwona, lakini naogopa kwamba yeye naye hakuoni.

Anaficha kwa sababu dereva asiyeona hana kazi. Hofu hiyo naielewa, ila haimpi ruhusa ya kushika usukani huku fundi wa watu amekaa nyuma. Na wewe usijitoe lawamani: wiki tatu umezitazama breki zile ukawa unamtafuta mwanamke ndani yake. Chombo kilikuambia kweli, wewe ukaenda kutafuta tafsiri kwa wifi.

Usifute hata sekunde moja. Ukifuta, siku akigonga mtu mtakuwa mmegonga wawili. Leo, kabla hajagusa funguo, kaa naye umwambie unajua anakokwenda na umejuaje. Atakasirika kwamba ulimpeleleza. Mwombe radhi, ni haki yake. Muende pamoja kwa daktari, halafu akamwambie bosi kwa mdomo wake kabla ripoti haijamsemea, maana anayejisema huonewa huruma, anayekamatwa haonewi. Akikataa, funguo zifiche na simu kwa bosi uipige mwenyewe. Afadhali mume aliyenuna kuliko mume aliyeua.

Na tafadhali usianze na "Huyo mwanamke ni nani?" Kaa upande wa pili wa chumba, umuulize taratibu: "Baba watoto, sura yangu unaiona hapa nilipo?" Kisha funga mdomo, umwache ajibu.