Nimekonda kwa Kutaka Mwenyewe

Tabata, Ijumaa, baada ya swala

Mama, shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima, na hilo neno mzima nataka ulisikie vizuri, maana ndilo lililonishikisha kalamu. Magoti yako vipi siku hizi? Na kile kikohozi cha asubuhi kimeisha au bado unakificha? Dada Zainabu, wewe ndiye unayesoma, basi msomee mama yote. Usiruke, hata pale utakapoona aibu. Kwenye simu nimeshindwa. Nikianza kusema, mama analia, na mie mnanijua, mtu akishalia basi ulimi wangu unakufa.

Mama, mie siumwi.

Juzi mjomba Athumani kanipigia kuniambia mmekaa kikao. Eti posa yangu kwa Somoe ilishapokelewa, na wazee hawataki irudi, kwa hiyo ikifika siku ya ndoa, baada ya mavuno ya korosho, na mie sijarudisha mwili, Hamisi mdogo wangu atakaa kwenye mkeka badala yangu. Nikamuuliza, "Mama kasemaje?" Akanijibu, "Mama yako ndiye aliyetoa wazo." Nilikuwa na ndoo ya viazi mbele yangu, nikaendelea kumenya.

Wazo ni lako mama. Basi nisikilize na mie, mara moja tu.

Unakumbuka nilivyokuja Idi ya mwaka juzi. Mlinishangilia. Shangazi Mwanahawa alinipiga piga tumbo akasema Dar imenikubali. Hamkuona usiku nikilala nimekaa, kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Hamkuona miguu, jioni nikivua viatu alama ya soksi inabaki kama nimefungwa kamba. Nilikuwa na kilo mia na kumi na nane. Huku kwenye kibanda cha chipsi waliniita Bonge, hakuna mteja aliyejua jina langu. "Bonge, nipe zege, chipsi na mayai mawili!" "Bonge, hiyo chipsi ukaange, usiile!" Nilikuwaga nacheka nao. Mtu akikucheka na wewe ukacheka, anakuacha haraka.

Siku moja niliishiwa nguvu hapo hapo mbele ya karai la mafuta, macho yakafanya giza. Bosi kanipeleka zahanati. Presha ilikuwa juu, nesi alipima mara mbili kwa sababu hakuamini. Nesi mwenyewe mnene, anahema akipanda ngazi, nikaona huyu hatanisema sana. Akaniuliza jana nilikula nini. Nikamwambia chapati na supu asubuhi, ugali jioni, basi.

Akaniangalia. "Kazi yako nini kaka?"

"Nakaanga chipsi."

"Na unazodokoa?"

Mama, sikuwahi kuhesabu. Mkaangaji anaonja, ndiyo kazi, unaonja kama zimeiva, unaonja chumvi, unakula zilizokatika kwa sababu mteja hazitaki. Mie niliona hicho si chakula. Nesi akanipa kazi: kesho kila chipsi unayotaka kudokoa usiitie mdomoni, itie kwenye mfuko. Nikafanya hivyo. Ilipofika saa mbili usiku nikamwaga ule mfuko kwenye sahani. Zilijaa sahani mbili na nyingine zikaanguka chini. Nilikaa nikaziangalia kama mtu kaniibia.

Hapo ndipo nilipoanza. Nesi alinifundisha kuwa kila chakula kina moto wake ndani, wao wanaita kalori, na mwili usipoutumia ule moto unauweka akiba ya mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula kina moto mwingi kuliko ndizi mbivu nzima. Mie niliishia darasa la tatu lakini hilo nililielewa upesi, maana mafuta nayamwaga kwa madumu. Akaniambia nisijinyime nikazimia, nipunguze kidogo kidogo. Ugali uwe wa ngumi yangu. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele. Maharage, samaki wa kuchemsha. Soda niache. Mama, soda ndiyo iliniuma kuliko zote, nilikuwa nakunywa nne kwa siku mbele ya lile joto. Na kutembea, naenda sokoni kufuata viazi kwa miguu.

Kila Ijumaa napanda mzani wa yule jamaa anayekaa barabarani na mizani yake. Wiki nyingine nusu kilo. Wiki nyingine hakuna kitu, yule jamaa anacheka, "Leo umelipa bure, braza." Mwaka na zaidi mama. Sijanywa dawa ya kienyeji, sijanywa chai ya kukondesha. Nimefika themanini na nne. Presha imeshuka. Nalala chali.

Nikadhani watu watanipongeza.

Mashavu yalipoanza kuondoka wateja wakaanza kunong'ona. Mie siongei lakini nasikia. "Bonge kakanyaga miwaya," yaani nimepata ukimwi. "Bonge anaaga." Kuna dada wa saluni hapo jirani, nilikuwa namwekeaga chipsi kavu kila siku, siku moja kanirudishia sahani akasema, "Nikaangie lakini usizishike." Nikamwambia nashika kwa mwiko. Akasema, "Hata mwiko." Watu wakacheka, na mie nikacheka.

Wiki ile ile bosi akaniita.

"Salumu, kuanzia leo utamenya viazi kule nyuma."

"Nimekosa nini bosi?"

"Hujakosa. Ila mteja akija anamwangalia mkaangaji kabla ya chipsi. Wewe ulikuwa bango langu. Sasa bango gani hili? Umenikondea bila hata kuniambia."

Nikamweleza ishu yote, zahanati, nesi, presha. Akaniambia, "Nakuamini mie. Lakini nitawaeleza wangapi?" Akamweka mbele kijana mwingine mwenye shingo nene. Wanamwita Bonge.

Hayo niliyavumilia, ni watu baki. Kisha akaja mjomba.

Alikuja kwa ule msiba wa Kibamba, akapita Tabata kunisalimia. Nilifurahi, nikapika mwenyewe, samaki, mchicha, ugali. Mjomba hakukaa mpaka alipotandika leso yake kwenye kiti. Akanishika mkono hapa juu ya kiganja, akauzungusha vidole viwili, vidole vikakutana. Akasema, "Haya." Chakula hakugusa. Alinunua maji yake ya chupa, akanywa, akaondoka na chupa.

Kabla hajaondoka nilimpa karatasi ya vipimo. Nimepima mara tatu mama, zote hakuna kitu. Akaiangalia upande huu na upande huu. "Karatasi za Dar hata stendi zinachapwa," akasema. "Mpwa wangu, wewe niambie tu. Mie ndiye mjomba, binti wa watu nimemposa kwa mdomo wangu. Nikamwozeshe maiti?"

Nikamwambia, "Mjomba, hata mwenye huo ugonjwa siku hizi akinywa dawa ananenepa kuliko wewe."

Akasema, "Sasa hao wananenepa, wewe mbona hunenepi?"

Nikaondoa sahani yake, chakula kilivyo.

Na mimi ni mjinga, nitakuambia. Alipopiga simu ile ya kwanza, kabla ya kikao, akasema mama anataka nirudishe mwili watu waone, nilijaribu. Wiki tatu nilikula zege asubuhi na jioni, soda nikazirudia. Nilipata kilo sita haraka, yule wa mzani akanipongeza, akanipa mkono kabisa, mara ya kwanza. Yule dada wa saluni akanisalimia. Lakini kichwa kikaanza kugonga tena, usiku nikarudi kulala nimekaa. Nikaenda kwa nesi. Akapima, akavua ule mpira wa mkononi polepole, akauliza, "Nani kakufanyia hivi?" Niliona haya kusema ni mama yangu.

Nimeacha. Sirudii tena.

Mama, baba alikufa vipi? Alianguka kwenye mikorosho akiwa na kifua kile na shingo ile, mdomo umekwenda upande. Msibani mlisema marehemu kaondoka na mwili wake, hakuchakaa. Mlifurahi, nilikuona. Mie nilikuwa nimeshika jeneza upande wa miguu, najua alivyokuwa mzito. Unataka na mie niondoke hivyo ili watu wasikucheke? Hamisi ana mwili mzuri, ndiyo. Mpelekeni naye apimwe presha, kama mnampenda.

Kwa Somoe nilipiga mwenyewe. Mie huyu, mnajua ilinichukua siku ngapi. Nikamuuliza anasemaje. Nikasikia kwanza kuku wao.

"Watu wanasema utakufa sijazaa."

"Na wewe je?"

"Mie watu hawajaniuliza. Uje nikuone."

Hilo tu. Mmekaa kikao, mkamgawa kwa Hamisi kama shati langu lililobaki, na hakuna aliyemuuliza.

Dada Zainabu, asante kwa kusoma. Kama umeruka, rudi juu. Nisalimie shangazi Mwanahawa, mwambie tumbo la kupigapiga halipo tena, atafute ngoma. Nisalimie baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, ambaye nasikia ndiye pekee aliyesema nisubiriwe. Mjomba Athumani mpe shikamoo yangu, na leso yake aliisahau kwenye kiti changu, nimeifua, ipo. Hamisi mdogo wangu mwambie sina kinyongo naye, ila asinunue kanzu.

Na wewe mama, usilie, au lia lakini sikia. Nitakuja siku ya ndoa yenyewe. Sitakuja na nyama za kuazima, nitakuja na kilo zangu hizi themanini na ngapi, nimevaa kanzu iliyopunguzwa na fundi. Nitaingia nikiwasalimia wazee mmoja mmoja, nitakwenda kukaa kwenye mkeka, mahali pa bwana harusi. Anayesema mie maiti aje aninyanyue anitoe nje mbele ya Somoe. Si nimebaki mifupa? Hata mtu mmoja atatosha.

Mwanao,
Salumu