Upande Aliogeukia Milembe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Ntalikwa tu wazima, na babu yako anaringia mahindi yake.

Unaniuliza kama kuna ubaya mwanao mwenye mtindio wa ubongo kukaa ameinamia upande mmoja, maadamu halii. Nusura barua inidondoke. Nasi tulisema hivyohivyo!

Mdogo wangu Milembe alikuwa na hali hiyo. Mama alimchimbia kishimo pembeni mwa shamba la karanga, akamkalisha humo hadi kiunoni, kama tunavyofunza watoto kukaa. Wenzake hutolewa baada ya muda mfupi. Yeye alishinda humo kutwa, msimu hadi msimu, nasi tukamsifu kwa utulivu.

Siku moja namwogesha, mkono wangu ukafuata uti wa mgongo, ukapinda nao. Yesu na Maria! Mama akaja mbio: "Nani kamwangusha?"

Hakuna aliyemwangusha. Nilikwenda nikaketi kishimoni mwenyewe. Shamba alimokuwa akilima mama lilikuwa nyuma, kushoto. Milembe alikuwa akijipinda kutwa nzima ili amwone mama.

Mpeleke mtoto kwa wataalamu wa mazoezi wampimie kiti. Lakini kwanza, kabla hujaikunja barua hii, nenda kakae mbele yake.

Bibi yako