Mkono wa Merv Haukutoka

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Nuriootpa, Australia Kusini, 16 Machi 2026

Jina: Noelene Schrapel. Umri: miaka 68. Kazi: muuguzi mstaafu. Makazi: Tanunda.

Mnamo tarehe 14 Machi 2026, Jumamosi, saa moja asubuhi, tulitoka Tanunda kwa baiskeli watu watatu, kama tufanyavyo kila Jumamosi, mwaka wa thelathini na moja huu. Mbele mume wangu Merv, nyuma yake rafiki yetu Des Heinrich, mimi wa mwisho.

Saa mbili na dakika ishirini, barabara ya Kappler, Des aliingia shimoni akaanguka. Nyonga imevunjika. Pikapu ya Bi Trudi Kleinig ilikuwa mita hamsini nyuma yetu. Haikutugusa, wala honi haikupiga. Huyo mama ndiye aliyesimama akaita ambulensi.

Nasikia Merv amewaambieni kwamba pikapu ilitubana. Mume wangu nampenda, lakini huo ni uongo, na mama wa watu hawezi kushtakiwa kwa ajili ya ukaidi wa mzee.

Kwetu sisi, aliye mbele huonyesha shimo kwa mkono. Wa nyuma haoni barabara, anaona makalio ya mwenzake tu, basi anauamini mkono ule. Merv hakuutoa. Bega lake la kulia limevunjika mara tatu, zote kwa baiskeli, na sasa akiachia usukani anayumba. Nimemwambia akae nyuma mpaka mdomo umeniuma. Hujibu, "Nolly, nikikaa nyuma leo, kesho mtaniweka barazani na blanketi."

Mtauliza mbona sikumkataza. Kwa ajili ya baiskeli sukari yake imeshuka, vidonge vinne vya kila siku vimebaki kimoja, daktari anamsifia moyo. Kila mwaka nilipima: mifupa huku, moyo kule. Moyo ulishinda. Mfupa wa Des sikuupima kamwe.

Hospitalini Des alimwambia, "Merv, sikuona mkono." Merv akaanza habari za pikapu. Des akageukia ukutani.

Na hili liandike, Konstebo, usiliruke. Tangu Januari mimi ndiye ninayemvalisha Merv fulana ya baiskeli, maana mkono hauingii. Jumamosi nilimvalisha, nikamfunga zipu, na Des sikumwambia kitu.

Nimesomewa, ni maneno yangu, sipunguzi hata moja.

(Sahihi) N. Schrapel

Yameandikwa nami, Konstebo R. Tregenza, saa tisa na robo alasiri. Shahidi alishauriwa apumzike kidogo, akakataa. Alisema mumewe yuko garini nje, na mkanda hawezi kujifunga.