Mzee Kamili Maganga, Aliyetoa Pole Kila Benchi

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu tulipokulaza makaburini Ushirombo, Oktoba ya 1985. Mama bado anakupakulia ugali wako wa mtama, halafu anakumbuka, anaurudisha chunguni.

Ulikuwa mpishi wa Wazungu wa mgodi kule Geita, kisha mkulima wa pamba. Kote huko hukuwahi kupita msiba. Ulishuka kwenye baiskeli hata kwa marehemu usiyemjua, ukavua kofia, ukaketi na wafiwa, ndipo ukaendelea na safari. Mara ngapi pamba yetu ilifika kwenye mizani karani akiwa anafunga mlango! Tulinung'unika, nawe ukatuambia, "Pamba haifiwi."

Lakini leo hatukuja kukusifu tu. Mwanao Otmar ametuomba tuandike jambo hili mbele ya watu, na sisi wengine hatutoki safi.

Mwaka 1974 chama cha ushirika kilipeleka wakulima sita Uingereza kuona viwanda vya nguo, nawe ukawemo. Mlipopewa siku moja ya mapumziko, ulipanda treni ukamfuata Otmar chuoni kwake, katika mji mdogo wa pwani. Ulifika na koti la kuazima kwa padre, limekufika magotini, na kifurushi cha matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha. Otmar alifurahi kukuona. Alifurahi kama nusu saa hivi.

Mlitembea kwa miguu kando ya bahari. Ulimsalimu kila mliyepishana naye, "Mwangaluka!", wao wakaharakisha. Halafu ukaona mabenchi yametazama maji, kila moja na kibao kidogo cha shaba. Ukauliza kimeandikwa nini. Otmar akakusomea: jina la mtu, mwaka aliokufa, ndugu zake wanamkumbuka.

Ukavua kofia. Kwako ilikuwa wazi kwamba waliokaa pale kimya, wakitazama bahari, ni wafiwa. Ukasimama benchi la kwanza ukatoa pole kwa Kiswahili na ukagawa matobolwa. Ukaenda la pili. La tatu ukaketi kabisa, kama mtu aliyefika matangani. Otmar angeweza kukueleza kwamba ni mabenchi ya ukumbusho tu, mpita njia yeyote hukaa apumzike; sentensi moja ingetosha. Badala yake alitangulia hatua kumi mbele, akatembea kama mtu mwenye safari zake.

Kwenye benchi la mwisho alikaa bibi mmoja mwenye kitambaa kichwani. Otmar alimjua kwa sura, maana alipita pale kila siku, na alijua kwamba kibao kile kipya kilikuwa cha mumewe. Kati ya wote uliowapa pole siku ile, huyu alikuwa mfiwa kweli. Ukamwinamia ukamshika mkono kwa mikono yako miwili.

"Mama, pole. Nimetoka mbali, sikuwa na habari, ndiyo maana nimechelewa."

Otmar alikuwa amesimama hapo kukungoja; bibi akamtazama amfasirie. Hatua chache pembeni walikuwa wamekaa wenzake wawili wa chuoni, wanakula viazi vya kukaanga, wanacheka. Otmar akatamani ardhi ipasuke immeze. Akamwambia bibi kwa Kiingereza kwamba mzee anauliza saa.

Bibi akakuonyesha saa yake. Wewe ukaitazama, ukainamisha kichwa, ukamwachia tobolwa moja mkononi. Stesheni ulimpa Otmar kifurushi kilichobaki, ukasema, "Kula, mwanangu. Mji wenu mzuri, ila una misiba mingi."

Otmar alirudi nchini 1976 akawa mwalimu Shinyanga. Krismasi tisa alikuja nyumbani. Ulipoanza kuwasimulia wageni habari za mabenchi yale, alikuwa ameshatueleza jikoni ukweli wake, nasi tulikuwa tukifinyana na kucheka chini chini. Binti yako Salvina alikuigiza, koti na kila kitu. Tusamehe, Baba. Kuhusu bibi na saa Otmar hakutuambia.

Siku ya kuanua matanga ndipo alipomwambia Mama, akilia. Mama alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso.

"Alinieleza wiki ile ile aliporudi," akasema. "Amepika mgodini miaka kumi na miwili, kila siku akiulizwa chakula saa ngapi. Kiingereza cha saa kingemshinda? Nikamwambia, 'Baba Salvina, mchape kwa barua.' Akasema, 'Alikuwa na wenzake, aliona aibu. Iko siku atanieleza mwenyewe.'"

Krismasi tisa ulimngoja, Baba, ukimpakulia nyama kwanza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wake amekuja na ndevu.

Wiki iliyopita Otmar alileta benchi la mninga alilochongesha kule Isaka, tukaliweka kando ya kaburi lako. Lina kibao cha bati chenye jina lako. Alipokuwa ameketi pale peke yake akapita mama mmoja na kuni kichwani, hatumjui ni nani. Akatua mzigo wake chini, akamshika mkono akasema, "Pole, baba." Kisha akaketi naye.

Mama yule alipoondoka, Otmar aligeukia kaburi akasema yale maneno uliyompa ayafikishe, mwaka ule kando ya bahari. Hakuweza kuyasema yote, maana lile la "sikuwa na habari" lilikuwa kweli kwako; yeye habari alikuwa nazo. Alisema tu, "Baba, pole. Nimechelewa."

Unakumbukwa na mkeo Serafina. Wanao Salvina, Philomena na Otmar. Mdogo wako Ngassa wa Katoro. Wajukuu zako, na wafiwa wote ulioketi nao. Hatutakusahau, Baba. Nasi tukiona msiba, tutashuka kwenye baiskeli.